Muuguzi, Uliza Kwanza Amefikaje

 

Neno la leo ni la wauguzi wetu, hasa vijana walio vyuoni, maana kanisa hili Mungu amelibariki na wengi. Lakini wewe ambaye si muuguzi usipite. Kama umewahi kuketi kwenye benchi la kliniki ukiwa na kadi mkononi, linakuhusu pia.

Binti mmoja wa kanisa letu anasomea uuguzi Marekani, katika jimbo la Missouri. Wengi mnamjua, ingawa jina sitaliandika. Mama yake amemsomesha kwa mboga na omena, na kwa maombi ya usiku. Mwaka jana alinipigia simu akasema, "Pasta, leo chuoni tumefundishwa umaskini. Kwa saa tatu."

Nikacheka. Nikamwambia, "Wewe ndiwe ungewafundisha hao!"

Akasema, "Hata mimi niliingia nikiwaza hivyo. Lakini ngoja nikueleze, Pasta."

Nami nawaeleza alichonieleza, kwa sababu kimenikaa moyoni.

Kuna zoezi linaloitwa Community Action Poverty Simulation. Wenyewe ni shirika la Missouri Community Action Network, na vyuo vingi vya uuguzi Marekani hulitumia. Wanafunzi huingia katika ukumbi mkubwa na kugawanywa katika familia, ambazo zinaweza kufika 26. Kila familia hupewa bahasha. Ndani yake mna habari za familia hiyo: nani amefutwa kazi, nani ameachwa na mumewe, nani ni mzee anayelea wajukuu. Mna pesa kidogo za karatasi, bili, na tikiti chache za usafiri.

Pembeni mwa ukumbi kuna meza. Kuna benki, duka la chakula, shule, mwajiri, mwenye nyumba, ofisi ya ustawi wa jamii, duka la kuweka vitu rehani, mkopeshaji wa haraka mwenye riba kali, polisi, na kliniki. Familia inatakiwa kuishi mwezi mmoja. Kila wiki ni dakika 15, basi mwezi mzima unakwisha kwa saa moja. Na huwezi kuhudumiwa kwenye meza bila kutoa tikiti ya usafiri. Ukiishiwa na tikiti, umekwama nyumbani.

Msishangae kwamba wauguzi wanafunzwa kwa kuigiza. Ni jambo la zamani katika kazi yao. Mwaka 1911, hospitali moja ya Hartford, katika jimbo la Connecticut, iliwapa wanafunzi wake mwanasesere wa ukubwa wa mtu mzima aliyeitwa Mrs. Chase. Juu yake walijifunza kumvisha mgonjwa, kumgeuza na kumhamisha kitandani. Maana yake ni rahisi: kosea kwa mwanasesere, usikosee kwa mama wa watu. Zoezi hili la umaskini lina nia hiyo hiyo. Ukimdharau maskini wa karatasi, hakuna atakayeumia, na utapata nafasi ya kujirekebisha kabla hujakutana na mwenye nyama na damu.

Binti yetu alipewa kuwa nyanya anayelea wajukuu wawili, mmoja ana pumu.

Wiki ya kwanza alikimbilia ofisi ya ustawi wa jamii kuomba msaada. Akapanga foleni. Kabla hajafika mbele kengele ikalia, wiki ikaisha. Alikuwa ametumia tikiti na hakupata kitu. Wiki ya pili alinunua chakula, akalipa umeme. Wiki ya tatu mwenye nyumba alikuja na barua ya kuwafukuza.

Halafu akaniambia neno hili. "Pasta, nilipita mbele ya meza ya kliniki mara tatu. Mimi ninayesomea uuguzi. Dawa ya pumu naijua kwa jina, najua kipimo chake, najua mtoto akikosa dawa kitatokea nini. Lakini nilikuwa na tikiti mbili na kodi haijalipwa. Sikusimama."

Nikamwuliza, "Lakini maisha hayo si uliyaona nyumbani?"

Akasema, "Nyumbani hesabu alipiga mama. Mimi niliona chakula mezani tu."

Wapendwa, hata aliyelelewa katika uhitaji anaweza kuukulia bila kuiona hesabu yake, kwa sababu kuna mtu aliibeba peke yake usiku wakati watoto wamelala. Kama yeye alihitaji kuonyeshwa, si zaidi yule aliyelelewa na gari la kumpeleka shule?

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili linanigusa.

Nilipokuwa kidato cha tatu, mama yangu alikuwa na presha. Tuliishi juu, upande wa milima ya Cherangani. Kliniki ilikuwa chini mjini. Alitembea saa moja na nusu hadi barabara ya lami, ndipo apande matatu. Wakati ule kulikuwa na nauli, kulikuwa na ada ya kliniki, na dawa zikiisha pale aliandikiwa akanunue dukani. Na kulikuwa na karo yangu.

Mama hakuwa amesoma sana lakini alijua hesabu. Dawa za mwezi alizigawa zifike miezi miwili. Anameza leo, kesho anapumzika. Wauguzi mnajua presha haina huruma na mpango kama huo. Dawa yake inataka kila siku, na presha inaweza kupanda bila kuumwa popote, kwa hiyo mtu anajiona yuko sawa.

Siku moja alifika kliniki akiwa amechelewa tarehe yake kwa wiki tatu. Presha ilikuwa juu. Muuguzi aliyekuwa zamu akamwambia mbele ya foleni nzima, "Mama, wewe hutaki kupona. Unatupotezea dawa."

Mama hakujibu. Alirudi nyumbani, akatundika kadi yake kwenye msumari nyuma ya mlango, na hakwenda tena. Mwaka haukuisha, akapigwa na kiharusi. Mkono wake wa kulia haukurudi.

Simsemi muuguzi yule vibaya. Alikuwa amesimama tangu asubuhi, foleni imefika hadi nje, na pengine alikuwa peke yake. Alisema alichokiona: mgonjwa aliyepewa dawa na hakuzitumia sawasawa. Ila hakujua kilichokuwa nyuma ya kile alichokiona, na hakukuwa na mtu aliyekuwa amemfundisha kuuliza.

Baada ya kiharusi mama alipelekwa kituo kingine, akakutana na muuguzi mwingine. Huyu alimtazama, akatazama kadi, kisha akauliza, "Mama, dawa za mwezi huu zitakufikisha tarehe ngapi?"

Mama akasema, "Nikizila kila siku, mwezi unaisha. Nikifikiria nauli ya kurudi, sitazila kila siku."

Swali moja tu, na ukweli wote ukatoka. Muuguzi yule akauliza ni siku gani kuna gari linaloteremka kutoka kwetu. Mama akamwambia siku ya soko, lori la kabichi la jirani linashuka, naye jirani hatozi. Basi tarehe zote za mama zikaandikwa siku ya soko, na dawa zilipokuwepo akapewa za miezi miwili kwa mara moja. Mama aliishi miaka 11 baada ya hapo. Sikumbuki akikosa tarehe.

Ninyi wauguzi, mwajua kwamba mwaka 2013 serikali yetu iliondoa ada katika zahanati na vituo vya afya vya umma. Tulishukuru. Lakini mlima haukuondolewa, wala matatu haikuanza kubeba watu bure. Siku ya kibarua iliyopotea pia hairudishwi na mtu. Ndiyo maana bado mnaona mgonjwa amekuja kwa kuchelewa, na bado mnashawishika kusema hataki kupona.

Sasa, mtu wa Mungu, usije ukadhani zoezi la kuigiza linatosha lenyewe. Linaweza hata kudanganya.

Mwaka 2011 huko Durham, North Carolina, shirika la Urban Ministries of Durham, linalohudumia wasio na makao, lilishirikiana na kampuni ya matangazo ya McKinney kutoa mchezo wa intaneti unaoitwa Spent. Unaanza na dola 1,000 na unajaribu kuumaliza mwezi. Nia ilikuwa njema. Lakini watafiti wa chuo kikuu cha Yale walipoupima, katika utafiti uliochapishwa 2016, waliona kwamba kuucheza hakukuwafanya watu wawatazame maskini kwa wema zaidi. Sababu waliyoitaja inafikirisha. Mchezo unakupa uchaguzi kila hatua: bonyeza hiki au kile. Mchezaji anatoka akiamini kwamba umaskini ni suala la kuchagua vizuri, na aliye maskini alibonyeza vibaya.

Kuna dodoso ambalo watafiti hulitumia kupima mtazamo wa watu kuhusu maskini. Lilianza 1993 likiwa na sentensi 37, na mwaka 2010 likafupishwa kuwa 21. Linapima mambo matatu: kama unadhani umaskini unatokana na kasoro ya mtu mwenyewe, kama unambandika maskini aibu, na kama unaona mambo yaliyo nje ya uwezo wake. Jipime mwenyewe kwa hayo matatu. Hata asiye muuguzi ajipime. Ukimwona mama amekuja ibadani na watoto wenye nguo zilizochakaa, wazo lako la kwanza huangukia wapi?

Binti yetu alipokuja likizo Desemba, tulikaa naye na kina mama wa kanisa, tukatunga zoezi letu dogo. Lile la Missouri lina wenyewe, hatukulinakili. Tuliandika maisha ya hapa kwetu: kodi ya chumba kimoja, kibarua cha mjengo kinachopatikana siku mbili kwa wiki, mkopo wa simu unaodai kila jioni, mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Nauli tulikata kwa makatoni. Tukawaita wanafunzi wa uuguzi wanaoabudu nasi, ukumbini, Jumamosi asubuhi.

Jambo moja nililisisitiza: nyuma ya meza wakae wanaoyajua maisha hayo, na walipwe siku yao. Mama mboga aache kibanda bure kuja kufundisha? Hapana. Mwalimu hulipwa.

Kwenye meza ya kliniki tulimweka dada mmoja anayefua nguo za watu mitaani. Yeye ndiye alikuwa muuguzi. Wanafunzi walifika mbele yake na watoto wao wa karatasi, na yeye akaanza: "Umemleta sasa? Ulikuwa wapi wiki yote? Mbona mtoto mchafu hivi? Kadi iko wapi? Rudi nyumbani ukalete kadi!"

Ukumbi ukacheka. Alijua kweli kuigiza. Lakini kadiri alivyoendelea kicheko kilipungua, hadi kikaisha. Msichana mmoja wa mwaka wa pili akasimama mbele ya ile meza bila neno, ameshika mtoto wake wa karatasi, nauli imekwisha na ameambiwa arudi nyumbani akalete kadi.

Tulipokaa chini baadaye kuzungumza, mwanafunzi mmoja akamwuliza, "Dada, maneno yale uliyatunga lini?"

Akajibu kwa upole, "Sikutunga. Yote nimewahi kuambiwa."

Hakuna mahubiri ambayo ningeweza kuongeza hapo.

Kijana mwingine, naye namshukuru kwa kusema alichofikiria, alisema, "Lakini mimi naona tatizo ni bajeti. Ningepanga vizuri ningemaliza mwezi." Ni lile lile walilolikuta watafiti wa Yale. Kama tungefunga kikao bila kuzungumza, angeondoka na imani hiyo na kuipeleka wodini. Mama mboga akamgeukia. "Mwanangu, bajeti napanga kila asubuhi saa kumi, nikienda sokoni. Leo mvua ikinyesha, wateja hawaji, na sukuma wiki haingoji kesho. Hiyo niiandike wapi kwenye bajeti?"

Kijana akafikiri, kisha akasema, "Sijui, mama." Nikaona hapo ndipo somo lake lilipoanza.

Kwa hiyo, wakufunzi mnaosoma ukurasa huu, kama mtalifanya zoezi hili, msilifupishe kwa kukata mazungumzo ya mwisho. Kuigiza kunamfanya mwanafunzi ahisi. Mazungumzo ndiyo yanayomsaidia aelewe alichohisi. Na asiruhusiwe mtu kuondoka akisema, "Sasa nimejua umaskini." Saa moja ya karatasi haikufanyi ujue. Wewe ulijua kengele italia na utakwenda kula wali. Mwenye nao hana kengele.

Mwisho tuliwaomba kila mmoja aandike kitu kimoja atakachokibadilisha akienda mafunzo ya wodini. Si ahadi kubwa, ni kitu kimoja tu. Wengi waliandika mambo madogo yenye maana. Mmoja aliandika, "Kabla sijampa mgonjwa tarehe, nitamwuliza siku gani ni rahisi kwake kufika." Mwingine aliandika kwamba hatasema tena mgonjwa "ametoroka matibabu" kabla ya kujua kama alishindwa kufika. Yule msichana wa mwaka wa pili aliandika: "Nikimkosoa mama, nimkosoe kwa sauti ya chini."

Hebu nimalizie na Maandiko. Soma Yohana sura ya 5 leo ukipata nafasi. Kando ya birika la Bethzatha alikuwepo mtu aliyeugua miaka 38. Yesu alipomwuliza kama anataka kuwa mzima, mtu yule hakujibu ndiyo wala hapana. Alieleza kwamba hana wa kumwingiza majini, na kila akijikokota mwingine anamtangulia. Nimesikia watu wakihubiri kwamba alikuwa akitoa visingizio. Mimi nikisoma namwona mama yangu. Mtu yule alikuwa akieleza habari ya usafiri. Alikuwa na nia, alikuwa mahali penye msaada, na kati yake na msaada palikuwa na hatua chache ambazo hakuwa na mtu wa kumvusha. Na Yesu hakumkemea kwa jibu lile. Alimsikiliza, kisha akamponya.

Muuguzi mpendwa, huwezi kuujenga ule mlima uwe tambarare. Huwezi kuleta dawa ambazo hazijaletwa, na mshahara wako wenyewe Mungu anajua unavyochelewa. Sikuongezei mzigo. Lakini tarehe unayoiandika kwenye kadi iko mkononi mwako. Na sauti utakayomwambia nayo, hiyo pia ni yako. Jumatatu ukiingia zamu, akija aliyechelewa, kabla hujauliza kwa nini, muulize amefikaje. Muulize dawa zitamfikisha tarehe ngapi. Sikiliza jibu, ndipo uandike.

Nasi kanisa tusiwaachie wauguzi peke yao. Wazee wa kanisa wamekubali kwamba kuanzia mwezi huu, sehemu ya sadaka ya wahitaji itakuwa nauli ya kliniki. Kama wewe au jirani yako mna tarehe na hamna nauli, mwone mzee wa kanisa wa eneo lako, kwa siri, bila aibu. Si lazima awe mshirika wetu. Na mwenye gari linaloteremka mjini siku za kliniki, tuambie siku na saa. Kiti kimoja kitupu kwenye gari lako kinaweza kuwa mkono wa kulia wa mama wa mtu.

Baba, wabariki wauguzi wetu, walio kazini na walio masomoni. Wape nguvu ya miguu na upole wa ulimi. Wakumbuke walio milimani leo wakihesabu vidonge. Katika jina la Yesu.

Kama unaamini, sema Amina. Kama una tarehe ya kliniki wiki hii, tuma ujumbe ofisini kwa siri, tuone utafikaje.

Mbarikiwe.